Nilizisuka Nyaya za Kioo, Fundi Ndiye Anayeshtakiwa

Mshauri mpendwa,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, waulize wanangu, lakini leo nauomba, na nauomba kwa mkono wangu mwenyewe, niliishia darasa la nne na herufi zangu zinakwenda upande kama mtu aliyebeba ndoo moja, kwa hiyo ukishindwa kusoma mahali vaa miwani, usinirekebishe. Nasoma ukurasa wako kila Alhamisi na mara nyingi nakuona unawabembeleza watu wasiostahili, yule mwanamume wa juzi aliyemficha mkewe miezi minne kwamba ameacha kazi mimi ningemmaliza kwa maneno matatu, lakini hayo tuyaache, leo zamu ni yangu.

Mimi ni mfanya usafi. Jengo ninalosafisha ni la mitambo ya simu, na intaneti ya mji mzima inapita mle ndani, nimelipiga deki miaka kumi na tisa, nimewaona wakuu sita wa mafundi wakija na kuondoka na makabrasha yao, na huyu wa saba ni binti yangu wa kumzaa. Usishtuke. Naingia mle yeye alikuwa bado anavaa sare ya shule, akasoma, akaenda chuo kusomea mitambo hiyohiyo, akaajiriwa, akapanda, na mwaka juzi wakampa ukuu. Kazini ananiita Bibi kama wanavyoniita wote, ili watu wasiseme anampendelea mama yake, na mimi namwita Mkuu, tukifika nyumbani anakuwa mwanangu tena na ananiambia Mama chai hii ina sukari ya watu watano. Ndivyo tulivyokubaliana na sijawahi kulalamika, ingawa siku ya kwanza kuitwa Bibi na mtoto niliyemnyonyesha niliumia.

Ujue pia kwamba kabla ya ufagio nilikuwa msusi. Nimesuka vichwa vya mtaa mzima, maharusi na wanafunzi na wajukuu wa wale maharusi, na msuko wangu ulikuwa haufumuki hata mtu akiulalia mwezi. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mle ndani kuna chumba chenye baridi kama friji, mashine za kupoza hewa zinavuma kutwa nzima, na mna makabati marefu ya chuma yenye milango ya kioo, na ndani ya makabati mna mitambo wanayoiita swichi, inapokea maneno na picha za watu na kuyagawa, haya yaende huku na yale yaende kule, na nyaya zinazoyabeba ni za manjano, nyembamba kama kamba za viatu, wanaziita faiba. Fundi wa chumba hicho tumempa jina la Taratibu, kwa sababu mtu akiligusa tu kabati yeye husema taratibu, taratibu. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, ana mke na mabinti wawili niliowasuka mara kadhaa, na ana kasoro moja nitakayoisema kwa kuwa siandiki hapa barua ya kumposea mtu: hana mpangilio. Makabati mengine yako sawasawa, lakini la nne, Mshauri, lilikuwa aibu, nyaya zimemwagika nje kama matumbo ya mbuzi, nyingine zinaburuzika chini kwenye sakafu ninayoipiga deki mimi, na mlango anaufunga kwa kuusukuma na nyonga. Nilimwambia Januari, nikamwambia tena Machi, kila mara anajibu kesho Bibi, kesho nitazipanga, nitawekea na lebo, na wewe utafurahi.

Sasa kuna sheria imebandikwa mlangoni, kwamba mfanya usafi haingii mle bila fundi kusimama naye, na asiguse kitu chochote kilicho juu ya sakafu. Jumanne moja asubuhi, wiki tatu zilizopita, nikiwa katikati ya deki, Taratibu akaitwa mapokezi, kuna gari limeleta mitambo mipya na hakuna wa kuipokea, akaniambia Bibi malizia hapo narudi sasa hivi, na hiyo sasa hivi yake ikawa saa nzima na nusu. Deki ilinimalizikia mapema. Nikabaki nimesimama mbele ya kabati la nne, peke yangu, na mikono yangu haikuniuliza.

Nilizisuka. Nyaya thelathini na sita. Kila waya umeshikwa huku na huku, kwa hiyo nilichukua vile vitanzi vilivyoning'inia katikati, nikavigawa vitatu vitatu, nikasuka mikia kumi na miwili, nikaikaza kama ninavyomkaza mtoto anayeanza shule Jumatatu, miishio nikaikunja ndani isionekane, na kila mkia nikaubana kwa vile vibano vya plastiki vya kuvuta, vilikuwa kwenye kopo juu ya meza yake, vinalia kri kri kri ukivivuta mpaka mwisho, na nilivivuta mpaka mwisho. Mlango ukafungika kwa kidole kimoja. Nikarudi nyuma nikatazama, na sitakuficha, niliona fahari. Taratibu akaja mbiombio, akachungulia toka mlangoni, akaona sakafu inang'aa, akafunga chumba bila kufika kwenye makabati, nami nikasema moyoni ngoja atakapolifungua atanishukuru.

Mchana huohuo simu zikaanza kukatika. Shule ya sekondari, ofisi ya ardhi, zahanati, zinakuja na kupotea, watu wanapiga kelele mapokezi. Kesho yake asubuhi binti yangu akaingia na mafundi wengine wawili, mimi niko ukumbini na ndoo yangu, mlango wa chumba umeachwa wazi, nasikia kila kitu. Akafungua kabati la nne. Pakawa kimya. Kisha akauliza, "Nani amesuka nyaya hizi?"

Taratibu akasema, "Ni mimi, Mkuu. Nilitaka mlango ufungike."

"Wewe unajua kusuka?"

"Nina mabinti wawili, Mkuu. Mtu unajifunza."

Fundi mmoja akacheka, akasema basi mke wake apunguze gharama za saluni. Binti yangu hakucheka. Akamwambia aandike maelezo, zifumuliwe zote, na jambo litakwenda kwenye kikao cha nidhamu. Nami nilikuwa nimesimama na ndoo, hatua kumi tu kutoka pale, na miguu haikwenda.

Alipobaki peke yake Taratibu akaniita. Sikumkuta na hasira, afadhali angekuwa nayo. Akazima taa ya chumba, akachukua kurunzi ndogo yenye mwanga mwekundu, akaichomeka kwenye ncha ya waya mmoja aliokuwa hajaufumua, na Mshauri, ule msuko ukawaka. Si wote, ni pale tu nilipopinda na kukaza, kila kona ilikuwa na doa jekundu linalopenya ngozi ya manjano. Akaniambia ndani ya huo waya hamna shaba, mna kioo chembamba kama unywele, na kinachopita ni mwanga, ukiukunja kwa upole unafuata njia, ukiupinda kama kona ya karatasi unatoka nje. "Kila unapoona wekundu, Bibi," akasema, "hapo ni maneno ya mtu yanamwagika." Miaka kumi na tisa nafagia chini ya vitu vile na sikuwa najua kwamba ni kioo.

Halafu akaniuliza kama nilichomoa waya wowote kwenye tundu lake. Nikasema sikuchomoa. Akauliza tena, hata mmoja, nikamwambia, kijana wangu, nimesema sikuchomoa, au unataka niape. Akasema haina haja, Bibi nakuamini. Kisha akaniomba ninyamaze. Akasema ana barua ya onyo ya zamani ya kuacha chumba wazi, kwa hiyo akisema aliniacha peke yangu hilo linaweza kumwondoa, na akisema alisuka yeye hilo nalo linaweza kumwondoa, anaondoka kwa lolote, ya nini tuondoke wawili. "Hili niachie mimi," akasema. Nikamwachia.

Nyumbani binti yangu haongei sana kuhusu mambo hayo. Siku moja mezani tu alinitania, akasema Mama, wewe ungepewa nyaya uzisuke ungezisuka vipi, nikamwambia nyaya hazisukwi, kula. Na Jumapili iliyopita akaja na kitana, akakaa sakafuni mbele yangu, akaniomba nimsuke, hajaniomba tangu amekuwa mtu mzima, siku hizi anakwenda saluni za vioo. Nikamsuka mistari ya nyuma, kama saa mbili hivi, wala hakusema neno, amechoka maskini, kazi imemwelemea.

Kikao ni Jumatatu ya wiki ijayo. Watakaa watu watatu na anayeongoza ni yeye. Nikisema, Taratibu ataulizwa kwa nini aliniacha, mimi nitatolewa kwenye kazi ambayo hakuna aliyewahi kunikuta na vumbi, na binti yangu atachekwa kwamba mama yake ndiye aliyezima mji, nasikia tayari wapo wasiopenda kuongozwa na mwanamke. Nikinyamaza, kijana wa watu anaondoka, na mkewe ana mimba ya tatu. Na mwenye jambo mwenyewe ndiye aliyeniomba ninyamaze, sasa nikisema si nitakuwa nimemvunjia heshima? Hebu niambie. Na usinieleze kwamba kazi ilikuwa mbaya, kwa kusuka ilikuwa safi, waulize waliofumua, walitumia mkasi.

Kuna kitu kingine kidogo nilisahau. Waya mmoja, wa saba safu ya pili, ulikuwa mfupi hautoshi kwenye msuko, nikauchomoa upande wa ubao wa matundu zinamochomekwa nyaya ili niupitishe nyuma, nikaona ncha yake ina kavumbi, nikaipuliza, nikaifuta kwa aproni niliyokuwa nimetoka kusugulia sinki kwa sabuni ya unga, nikaurudisha palepale, tundu lilelile, ukalia tik. Sikukosea tundu. Nasikia nyaya nyingine zote zimepona isipokuwa ya zahanati, wamebadilisha waya na bado, sasa wanasema tatizo litakuwa ardhini, tangu jana kuna watu wa majembe wanachimba getini. Lakini nadhani hayo hayahusiani.

Naomba unijibu upesi na usinizungushe.

Mimi, Bibi wa Ufagio.

*

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Bibi. Na baada ya hiyo shikamoo sitakuwa na adabu nyingi, kwa hiyo kaa vizuri.

Umeniandikia kurasa nne za kusuka na mistari michache ya kuchomoa, na hiyo michache umeiita kitu kidogo ulichosahau. Hukusahau. Mtu aliyesahau hakumbuki safu ya pili, waya wa saba, aproni gani na ilitoka kusugua nini. Uliliweka mwisho wa barua kama mtu anavyoweka sahani iliyovunjika chini kabisa ya kabati, akitumaini mgeni hatafika huko. Mimi nimefika.

Kwa kuwa mimi nami sijui kioo wala mwanga, nilimtafuta mwanamama mmoja anayeziunga nyaya za namna hiyo kila siku, nikamsimulia bila kutaja mtu. Alipofika kwenye aproni alishika kichwa. Anasema ncha ya waya ule ni ndogo kuliko jicho la sindano, na chembe moja ya sabuni ya unga inatosha kuziba mwanga kama mlango. Ulipoirudisha, sabuni iliingia nayo ndani ya tundu na kunata kwenye ncha ya pili inayoisubiri kwa upande wa ndani. Ndiyo maana wamebadilisha waya na hakuna kilichobadilika: waya ni mpya, tundu ni lilelile chafu. Na vipimo vyao, anasema, mara nyingi havioni vizuri tatizo lililo karibu sana na mahali vinapochomekwa, vinaonyesha tu kwamba liko hapa hapa mwanzoni, ndipo mtu anaanza kuchimba getini. Dawa yake ni kijiti maalumu cha kusafishia na darubini ndogo ya kutazamia, kazi ya dakika chache, au wabadilishe hilo tundu. Hawajafanya hivyo kwa sababu fundi wao alimuuliza mtu mmoja kama kuna kilichochomolewa, na mtu huyo akajibu hapana mara mbili akataka na kuapa.

Kwa hiyo usiniulize kama useme au unyamaze kana kwamba jambo hili linangoja Jumatatu. La kusuka lingeweza kungoja. La zahanati haliwezi. Pale kuna muuguzi anayejaribu kutuma picha ya mfupa wa mtu kwa daktari wa hospitali kubwa na haifiki, na wewe unajua kwa nini, na wewe peke yako katika mji mzima.

Sasa huyo kijana. Unasema amekuomba unyamaze na ukisema utamvunjia heshima. Bibi, acha kujificha nyuma ya upole wa mtu. Alikuomba unyamaze kuhusu yale aliyoyajua. Hili la kuchomoa halijui, hukumwambia, kwa hiyo hata ruhusa yake ya kunyamaza ulijichukulia zaidi ya aliyokupa. Na kila siku anayoingia kwenye chumba kile na kushindwa kuiponya laini moja, anaonekana si tu mtu aliyesuka nyaya, anaonekana fundi asiyejua kazi. Hilo ndilo litakalomwondoa, kuliko msuko.

Yeye naye si malaika, na sitampaka mafuta. Aliacha kabati likamwagika matumbo tangu Januari. Yule mwanamama wangu anasema zile nyaya zina adabu zake na wala si ngumu: kila kitanzi kiwe kipana, kisipungue mdomo wa kikombe cha chai, zifungwe kwa ule mkanda laini wa kunata na kubanduka na ziachwe zipumue, kila moja iwe na lebo yake, na ncha isiyotumika ivalishwe kikofia chake. Angefanya hayo mwezi wa kwanza, mikono yako isingepata cha kuiwasha. Kisha alikuacha peke yako, na kisha akadanganya mkuu wake kwa nia njema. Hayo matatu ni yake. Atayajibu, na inawezekana atapewa barua nyingine, na ni sawa. Lakini atabeba ya kwake, hatabeba na ya kwako juu. Ukisema kweli humwokoi kwa kila kitu, unampunguzia mzigo ubaki wa saizi yake.

Nakuja kwa binti yako, na hapa naomba usome polepole.

Unadhani hajui. Bibi, huyo ni mtoto uliyemkalisha kati ya magoti yako kila Jumapili tangu hajaota meno ya mbele. Anaijua mistari yako kama anavyoijua sauti yako. Alipofungua lile kabati hakunyamaza kwa sababu alishangaa, alinyamaza kwa sababu alimwona mama yake mle ndani. Alimuuliza fundi kama anajua kusuka, akapewa uongo, akaumeza mbele ya watu. Akaja mezani akakuuliza wewe ungezisukaje, nawe ukamwambia ale. Akaona labda mezani ni pagumu, akachukua kitana, mkuu mzima wa mafundi, akakaa sakafuni akakupa kisogo ili usione haya ya kumtazama usoni, akakungoja saa mbili. Wewe ukasema maskini amechoka.

Hakuchoka. Alikuwa anakuomba.

Hawezi kukuuliza waziwazi, kwa sababu akikuuliza kama Mkuu anakuwa amemshtaki mama yake, na akikuuliza kama mwanao anakuwa ameficha jambo la kazi. Wewe ndiye umemfungia njia zote mbili, kisha unaniambia unamwonea huruma asichekwe. Unafikiri atachekwa zaidi na lipi: kwamba mama yake alikosea akasema, au kwamba aliongoza kikao cha kumfukuza mtu na kosa analijua ni la mama yake? Hilo la pili likija kujulikana hawatamcheka. Watamtoa.

Sasa nikupoze kidogo, maana nimekupiga vya kutosha. Ulifanya usichotakiwa, lakini hukufanya kwa uovu wala kwa uvivu. Miaka kumi na tisa wamekubandikia usiguse mlangoni, na hakuna hata mmoja kati ya wakuu saba, binti yako akiwamo, aliyekaa nawe dakika tano akakueleza kwamba mle ndani mna kioo na kwamba chembe ya sabuni inaweza kuzima zahanati. Mtu akijua kwa nini, mikono yake humuuliza. Hilo nalo liseme, lakini liseme baada ya kukiri, si kabla, usije ukaligeuza ngao.

Utakwenda hivi. Usimwambie binti yako nyumbani. Nyumbani mtalia, mtasameheana, na jambo litageuka la ukoo. Nenda ofisini kwake, mwite Mkuu, na omba awepo mtu wa pili anayesikia. Usianze na kusuka, na wala usianze na miaka yako kumi na tisa. Neno la kwanza litoke hivi: "Waya wa saba safu ya pili niliuchomoa mimi nikaufuta kwa aproni yenye sabuni, tundu lake ni chafu." Wakishalisikia hilo wapishe waende wakalisafishe, wewe usiwafuate na kitambaa. Wakirudi, sema la kusuka. Sema uliachwa peke yako kwa muda gani, hivyo hivyo ilivyokuwa, bila kumpunguzia Taratibu wala kumwongezea. Sema alikuuliza ukamdanganya. Kisha mwombe Mkuu akabidhi uongozi wa kikao kwa mtu mwingine, kwa sababu hawezi kumhukumu mama yake, na ukiomba wewe mwenyewe unamwondolea aibu ya kujitoa. Mwambie Taratibu kabla hujaingia mlango ule, si kwa kumwomba ruhusa, ni kumjulisha tu, asikie kutoka kwako. Akikwambia taratibu, usimsikilize siku hiyo.

Inawezekana utapoteza kazi. Sitakudanganya kwa kuwa wewe ni mzee na unasoma ukurasa wangu. Jengo lile umelipenda na litakuuma. Lakini hutaondoka mle mtu mwingine akiwa amebeba sanduku lako, na utarudi nyumbani ukae meza moja na mwanao bila kumwambia ale ili anyamaze.

Barua yako nimeitoa kwenye foleni, imetangulia nyingine kumi na moja zilizoitangulia kufika, na wenyewe watanisamehe. Gazeti hili linafika mtaani saa moja asubuhi. Wale watu wa majembe wanaanza kuchimba saa mbili. Una saa nzima, Bibi. Vaa viatu.